Nemo mpakani: kufuga samaki wa bahari Alupe, kilomita 900 kutoka baharini

Alupe ni kijiji cha njiani, baina ya Busia na Malaba, mpakani na Uganda. Kuna chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2022, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, kuna mashamba ya muhogo na mtama, na kuna malori yasiyokwisha. Bahari haipo. Kutoka Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900, na maji makubwa yaliyo karibu ni ya Ziwa Victoria, kule Sio Port na Port Victoria. Samaki wanaojulikana hapa ni ngege, kambare, mbuta na omena. Kwa hiyo jirani akiingia sebuleni kwangu na kuona tangi la kioo la lita 120 lenye maji ya chumvi, mawe, matumbawe laini na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, swali la kwanza huwa ni moja: hawa wanaliwa?

Hawaliwi. Ila maswali ya watu wa huku si magumu. Magumu ni ya ndugu zangu wa Pwani, wanaosema kwamba nimewapora samaki bahari yetu na kuwafunga bara. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetamani kufuga samaki wa bahari nyumbani, awe Kisauni, Tanga au Eldoret.

Tuanze na samaki mwenyewe. Watoto humwita nemo kwa sababu ya ile filamu ya katuni ya mwaka 2003. Jina lake la kitaalamu ni Amphiprion ocellaris. Si wa bahari yetu. Kwao ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki, pande za Indonesia, Malaysia, Ufilipino hadi kaskazini mwa Australia. Sisi tuna jamaa zake wawili. Mmoja ni Amphiprion allardi, wa rangi nyeusi iliyochanganyika na chungwa, mwenye mistari miwili ya weupe na mkia mweupe, aliyeelezwa kitaalamu na Mjerumani Klausewitz mwaka 1970. Wa pili ni Amphiprion akallopisos, mwenye rangi kama ya ngozi ya embe bivu na mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni kutoka mdomoni hadi mkiani. Aliyewahi kuzama na miwani Kisite, Watamu au Chumbe amewaona, hata kama hakujua majina yao. Wote huishi ndani ya anemoni, mnyama wa baharini aliyejishikiza mwambani mwenye mikono laini inayowasha. Samaki wengine wakigusa wanaungua. Hawa wamezoea, hulala humo kama mtu aliye kitandani kwake.

Wawili wangu hawakuvuliwa baharini. Walizaliwa kwenye tangi, wazazi wao wakazaliwa kwenye tangi, na yumkini babu zao pia. Samaki huyu ni miongoni mwa samaki wa kwanza wa mwambani ambao binadamu aliweza kuwazalisha kwa biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Martin Moe kule Florida alifaulu kuwakuza kuanzia yai hadi samaki wa kuuza, na tangu hapo mashamba ya kuzalisha yameenea Marekani, Ulaya na Asia. Wangu waliletwa nchini kwa ndege, wakauzwa na duka moja la Nairobi, wakapanda basi la usiku hadi Busia ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, umefungwa kwenye boksi la povu nyeupe. Walifika asubuhi wakiwa na njaa tu.

Faida ya samaki wa kuzalishwa si ya dhamiri peke yake. Samaki aliyevuliwa mwambani huja na vimelea, huja na hofu, na mara nyingi hakijui chakula cha punje. Anaweza kukaa wiki nzima akitazama chakula kikizama. Nemo wa baharini hasa huandamwa na ugonjwa mmoja wa kimelea kinachoitwa Brooklynella, unaomfanya atoke ute mwilini na kufa kwa siku chache. Aliyezaliwa tangini anakula punje tangu utotoni, amezoea kioo, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hahitaji anemoni kabisa. Anemoni ni mgumu kufuga, anataka taa kali na maji yaliyotulia kwa muda mrefu, na akifa anaweza kuchafua tangi zima kwa usiku mmoja. Wawili wangu wamejichagulia tumbawe laini moja lenye umbo la uyoga na hapo ndipo kwao.

Sasa nije kwenye lawama. Biashara ya samaki wa mapambo katika pwani ya Kenya haikuanza jana. Ina miongo kadhaa. Wapiga mbizi wa Shimoni, Kikambala, Kilifi na kwingineko huzama na nyavu ndogo za mkono, wakamchagua samaki mmoja mmoja, wakamtia mfukoni akiwa hai. Hulipwa kwa kila samaki. Wenye kampuni huwapumzisha kwenye matangi, kisha husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Asia. Bei anayolipa mteja wa mwisho kule na bei anayopewa mzamiaji hapa hazifanani hata kidogo, lakini ni kazi halali, na ni nyumba nyingi zinazokula kwayo.

Tatizo la nemo ni kwamba hana pa kukimbilia. Changu au tafi ukimkosa hapa ameshafika kule. Nemo haondoki kwenye anemoni yake. Mzamiaji akishaijua, atamkuta hapo leo, kesho na mwezi ujao. Kila anemoni huwa na jozi moja inayozaa, pamoja na wadogo kadhaa wanaosubiri. Aliye mkubwa kuliko wote ni jike. Anayemfuata ni dume. Jike akiondolewa, dume hubadilika akawa jike, na mdogo mmoja hupanda cheo akawa dume. Utaratibu huu wa ajabu humwezesha samaki kuendelea, lakini kila kubadilika ni muda usiokuwa na mayai. Wakichukuliwa wote, anemoni yenyewe hubaki bila mlinzi, na wapo samaki wanaokula mikono yake. Juu ya hayo kuna joto. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na sehemu kubwa ikafa. Anemoni nazo hugeuka nyeupe vivyo hivyo. Kwa hiyo kumwacha nemo mwambani ni jambo la maana.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wenzetu wanaodhani kwamba ukishanunua samaki wa kuzalishwa basi umemaliza kazi. Fedha yangu ilienda wapi? Ilienda kwa mwenye shamba Asia, kwa shirika la ndege, na kwa mwenye duka Nairobi. Kijana wa Shimoni hakupata hata senti. Nikisema simnunulii samaki wake kwa sababu nauhurumia mwamba, na yeye hana kazi nyingine, atavua nini? Atarudi kwenye mwamba ule ule na juya. Nitalirejea hili mbele, kwa sababu jibu lake nimeliona huku huku bara, si Pwani.

Kwanza niseme namna tangi linavyoendeshwa, maana wengi huniuliza maji nayatoa wapi.

Wa kwanza kunishauri aliniambia ninunue tu chumvi ya jikoni. Ni ushauri unaosikika wa busara, hasa kwetu tuliokulia karibu na mashamba ya chumvi. Lakini watu wa Gongoni na Marereni wanajua vizuri kwa nini haufai. Maji ya bahari yakiingizwa kwenye mabwawa na kukaushwa na jua, kinachoganda ni chumvi moja tu kati ya nyingi zilizomo. Yanayobaki ni maji mazito, machungu, yaliyojaa magnesiamu na vitu vingine, na hayo humwagwa au kurudishwa baharini. Ukichukua ile chumvi iliyoganda ukaitia kwenye maji matamu hupati bahari, unapata maji ya kuchemshia mayai. Samaki anaweza kuvumilia siku chache, matumbawe hayawezi. Bahari kamili ina magnesiamu, kalisiamu, potasiamu na kaboneti kwa uwiano wake. Kwa hiyo mtu wa bara hana budi kununua chumvi maalumu ya matangi, iliyochanganywa vitu vyote hivyo. Gramu 35 kwa lita moja, hiyo ndiyo bahari. Tangi la lita 120 linataka kilo nne na kidogo kuanza, na baada ya hapo mimi hubadilisha lita 12 kila wiki, yaani kama gramu 420 za chumvi.

Maji matamu ya kuchanganyia nayo yana mambo yake. Ya kisima cha mashine huku yana madini ambayo sina haja nayo tangini. Ya mvua ni mengi, Busia haina uhaba wa mvua, lakini yanapita juu ya mabati, na mabati yamepakwa zinki, nayo zinki ni sumu kwa matumbawe, konokono na kamba hata ikiwa kidogo sana. Ya bomba yana klorini. Ninachotumia ni maji yaliyochujwa kwa mashine ile inayotumiwa na wauzaji wa maji ya kunywa mijini, inayosukuma maji kwenye utando mwembamba sana. Kabla ya kulipa natumbukiza kipimo kidogo cha kielektroniki kinachoonyesha madini yaliyobaki. Kikisoma karibu na sifuri nachukua mtungi. Kikisoma juu, namwambia muuzaji kwa adabu kwamba kichujio chake kimechoka, naye hukasirika, kisha baada ya wiki hubadilisha.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanaoanza. Maji ya tangi hupungua kwa kukauka, na mtu hudhani aongeze maji ya chumvi. La. Chumvi haikauki, inabaki. Kama bwawa la Marereni, kadiri maji yanavyoondoka ndivyo yaliyobaki yanavyozidi ukali. Kinachoongezwa kila siku ni maji matamu yaliyochujwa, mpaka kwenye alama uliyoitia kwenye kioo. Chumvi huongezwa tu unapotoa maji machafu na kuweka mapya. Mimi hupima kila Ijumaa kwa kifaa cha kutazamia tone la maji kwenye mwanga, na nataka kisome 1.025. Joto nalo nataka liwe nyuzi 26. Mombasa hilo si tatizo, huenda ukahitaji feni tu mwezi wa Machi. Alupe, nyuzi 26 za mchana huja zenyewe, lakini usiku wa Julai bila hita maji yanashuka sana.

Kisha kuna subira, na subira ndiyo inayowashinda wengi. Tangi jipya likijazwa maji ya chumvi safi kabisa bado haliwezi kumweka samaki hai. Samaki anapumua na kunya, na uchafu wake hutoa amonia, ambayo inaunguza mashavu yake. Baharini kuna bakteria wasiohesabika wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Tangini bakteria hao lazima wapewe makao na muda. Makao yao ni mawe yenye vitobo. Muda wao ni wiki nne hadi sita. Unatia chembe ya chakula au amonia kidogo, unapima kila baada ya siku mbili tatu. Unaona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inapanda kisha inashuka. Zote mbili zikifika sifuri na kubaki hapo, ndipo ununue samaki. Tangi langu lilikaa na mawe matupu mwezi na nusu, na wageni wakiuliza samaki wako wapi nikiwaambia bado maji yanapikwa.

Mawe yenyewe tusiyatoe mwambani. Ni kosa kuchukua chochote katika hifadhi za bahari, na zetu za Malindi na Watamu zipo tangu 1968. Matumbawe magumu yanalindwa pia na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, kwa hiyo hata kipande kikavu ulichookota ufukweni kinaweza kukuletea maswali ukikisafirisha kuvuka mpaka, na mimi mpaka nauona kutoka hapa. Jiwe linalofaa ni lile la kuchimbwa nchi kavu, la mwamba wa zamani uliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Ndilo jiwe lile lile walilojengea wazee wetu nyumba za Lamu na Mji wa Kale. Lina vitobo, ni kalisiamu tupu, na likioshwa vizuri halidhuru. Lisiwe tu limepakwa chokaa au rangi.

Nataja na matumbawe, kwa kuwa tangi bila matumbawe ni beseni. Anayeanza achukue yale laini, yasiyojenga mifupa: uyoga wa bahari, yale ya ngozi, na yale madogo kama vifungo vya shati yanayoitwa zoanthidi. Huzaana yenyewe ukiyapa mwanga wa kutosha, taa ya LED kwa saa nane au tisa kwa siku. Ila zoanthidi baadhi yake zina sumu kali mno iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani unapozikata, usizishike ukiwa na kidonda, na usichemshe kamwe jiwe lililokuwa na zoanthidi ukidhani unalisafisha. Mvuke wake umewapeleka watu hospitalini katika nchi mbalimbali. Hili si la mzaha, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Stima. Huku hukatika, na msimu wa radi hukatika sana. Watu hudhani samaki atakufa kwa baridi. Si baridi, ni kukosa hewa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na ya chumvi kidogo kuliko matamu. Pampu ikisimama, samaki, matumbawe na bakteria wote wanagombania ile iliyobaki. Dawa yake ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri: pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ile ya wavuvi wa ndoano, inayowaka yenyewe stima ikipotea. Nimeiunganisha na betri inayochajiwa na paneli moja ya sola, na inaweza kupiga hewa usiku kucha. Taa na hita zinaweza kusubiri.

Chakula ni kidogo kuliko unavyodhani. Punje ndogo asubuhi na jioni, kiasi wanachomaliza kwa dakika moja, na mara mbili kwa wiki nyama ya kamba iliyosagwa, isiyotiwa chumvi wala limau. Majirani wananiletea omena kwa ukarimu. Nawashukuru, nala mimi.

Jozi hupatikana bila ya kumjua dume na jike. Chukua wawili wadogo, mmoja awe mkubwa kidogo kuliko mwenzake, waweke pamoja siku moja. Watasukumana wiki mbili tatu. Mdogo atakubali, atatetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa kama mtu anayeamkia kwa heshima, na mkubwa atakuwa jike. Nilipomweleza jirani yangu anayefuga ngege alicheka sana. Wafugaji wa ngege huhangaika kupata vifaranga vya madume tupu, maana mabwawa yenye majike hujaa watoto na hakuna anayekua. Vituo vya kuzalisha hulisha vifaranga chakula chenye homoni ili wote wawe madume. Akasema, sisi tunalipia kugeuza samaki, wako anajigeuza bure.

Na hapo ndipo lilipo jibu nililoahidi. Kaunti ya Busia, isiyo na bahari, inajua kuzalisha samaki. Serikali ilipoanzisha mpango wa mabwawa mwaka 2009, mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, bara ndiko kulikojifunza zaidi. Hapa Wakhungu kuna kituo cha vifaranga. Mkulima wa kawaida wa Teso anakuambia kwa umri wa siku kifaranga anataka punje ya ukubwa gani. Nenda Pwani sasa. Wafugaji wetu wa mwatiko wa Kilifi na Kwale, watu wachapakazi, kwa miaka mingi wamekuwa wakikinga vifaranga kwa nyavu kwenye mikoko maji yanapojaa, kwa sababu hapakuwa na kituo cha kuvizalisha. Yaani anayefuga bado anavua. Ukanda una bahari mlangoni, una taasisi ya utafiti wa bahari Mombasa, una mpango wa kituo cha taifa cha ufugaji wa baharini Shimoni, lakini samaki wa mapambo anayezalishwa anatuijia kutoka Asia.

Maoni yangu ni kwamba Amphiprion allardi na akallopisos wazalishwe Kwale na Kilifi, na wazalishwe na wale wale wanaozamia leo. Wao ndio wanaojua wapi jozi nzuri ipo na inakula nini. Jozi chache zinatosha kuanza, na jozi moja hutaga tena na tena kwa miaka. Nemo aliyetunzwa tangini huishi zaidi ya miaka kumi, na wapo waliofika ishirini. Wafugaji wa kigeni wanapenda aina zisizo za kawaida, na allardi hapatikani kila pahali kama ocellaris. Jambiani, Unguja, kina mama wanalima sponji na kuziuza kwa watalii badala ya kusubiri mwani peke yake, na hapo awali nani angeamini sponji inalimwa? Wasini wanapanda matumbawe upya. Kuzalisha nemo si jambo geni zaidi ya hayo.

Kazi yenyewe ni hii. Jike hutaga mayai mia kadhaa ya rangi ya chungwa juu ya jiwe walilolisafisha wote wawili. Dume ndiye mlezi. Anayapepea kwa mapezi usiku na mchana na kula yaliyooza. Baada ya siku saba au nane macho ya vitoto huonekana yaking'aa kama fedha ndani ya yai, na usiku huo, muda mfupi baada ya giza kuingia, wanaanguliwa. Wana urefu wa milimita tatu au nne. Punje hawaiwezi, hata vumbi la punje. Wanataka kiumbe hai mdogo aitwaye rotifa, naye rotifa anataka mwani wa kijani usioonekana kwa jicho moja moja. Kwa hiyo anayezalisha nemo kwanza ni mkulima wa mwani, kisha mfugaji wa rotifa, na mwisho ndipo anakuwa mfugaji wa samaki. Rotifa wakikosekana siku moja, vitoto vyote hufa. Baada ya wiki hivi wanapewa vitoto vya atemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi, na karibu na siku ya kumi mstari mweupe wa kwanza unajitokeza na wanaacha kuelea ovyo. Hapo hatari kubwa imepita. Mwani, rotifa na atemia vyote vinataka ndoo, hewa, mwanga na mtu asiyelala sana. Hakuna mtambo wa ajabu.

Kuna mwiko mmoja ninaousisitiza hasa kwa walio Pwani. Nemo wa kuletwa, Amphiprion ocellaris, asitupwe baharini kwetu hata ukichoka naye, hata kwa nia ya kumwacha huru. Si wa huku, na anaweza kuwabebea wa kwetu maradhi wasiyoyajua. Mpe mfugaji mwingine. Vivyo hivyo maji ya tangi yasimwagwe ufukweni. Walio bara wala wasijaribu kumtia ziwani. Maji matamu yatamuua.

Sheikh mmoja aliniuliza kama si dhambi kumfunga kiumbe. Ni swali la haki. Tunayo hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula wala kumwachia ajitafutie, na tunayo ya mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuulizia habari zake bila ya kumkataza kumfuga. Wanavyuoni wengi wamelielewa hivi: kufuga kunafaa ikiwa mfugwa analishwa na hateswi. Kwa samaki, kutoteswa ni maji safi, nafasi, na mfugaji asiyesafiri wiki tatu bila ya kumwachia mtu kazi. Nikishuka Pwani, mwanafunzi mmoja hapa chuoni huja kila siku, na nimempangia chakula kwenye vijisanduku vya dawa, kimoja kwa siku moja, ili asiwahurumie kwa kuwalisha sana.

Mtu wa Mombasa, Kilifi au Lamu anayetaka kuanza ana nafuu ambayo mimi sina: maji yako bure. Usichote Tudor wala karibu na bandari, na usichote baada ya mvua kubwa mito inapomwaga matope. Mpe mwenye mashua mitungi safi ya lita 20 ambayo haijawahi kubeba mafuta, achote nje ya mwamba wakati wa maji ya bamvua, yanapojaa. Chuja kwa kitambaa, yaache gizani yamefunikwa wiki mbili, kisha pima kama bado ni 1.025. Yakiwa hivyo, jaza tangi, weka mawe, na uanze kuhesabu zile wiki sita.